Laini kwa Jina la Hosiana

Kambarage, Shinyanga
4 Machi 2024

Dada yangu Euphrasia,

Shikamoo. Mimi mzima, natumaini na wewe hujambo huko Bugarama, na banda lako la chakula linakwenda. Mama yuko Solwa, mguu unamsumbua asubuhi, lakini jioni anatembea mpaka kwa jirani kusengenya, kwa hiyo usihofu. Ng'ombe mwekundu amezaa jike. Mama kasema huyo ndama ni wako, ukija utamkuta.

Unashangaa kupata barua, eh? Hata mimi nashangaa kuandika. Mara ya mwisho kukuandikia nilikuwa shule ya bweni nakuomba sabuni. Lakini simu yako haipatikani, hii wiki ya tatu sasa, na nimechoka kumsikiliza yule mwanamke wa mtandao. Mama Philomena, anayeleta mchele kwenye gulio la huko kwenu, ndiye aliyeniambia, "Andika, nitampa mkononi." Haya, nimeandika.

Kazini kwema. Ule mfumo wetu wa kuwakumbusha wagonjwa dawa kwa meseji umeingia zahanati kumi na mbili, na ya huko kwako imo tangu mwezi jana. Kuna mzee wa Kahama aliyekuwa ameacha vidonge mara mbili. Meseji zetu zimemfikisha mwisho wa dozi, akatuletea kuku hai ofisini, kamfunga miguu. Dada, nililia. Halafu anakuja mwanasheria na fomu ya kurasa kumi na nne: eti taarifa za mgonjwa ni za mgonjwa mwenyewe, eti meseji isitaje hiki, isitaje kile. Tukisubiri mihuri yao watu watazikwa. Bosi wetu Stanslaus kasema tusonge mbele, fomu zitafuata.

Sasa lililonikalisha chini. Juzi Jumamosi alikuja Bi Esta, shangazi yake Boaz, kutoka Isaka. Nilidhani kaja kupanga siku ya kuleta ng'ombe wa mahari yangu, nikapika chai ya maziwa. Hakuigusa. Akaniuliza kwa sauti ya kutembelea wagonjwa, "Mwanangu, dawa unazimeza vizuri?" Dawa gani, shangazi? Akasema pale bandari kavu anapofanya kazi Boaz kila mtu anajua kwamba nina kifua kikuu, na kwamba hicho kifua kikuu hakijaja peke yake, kimekuja na mwenzake. Dereva wa lori kayasikia hayo Bugarama.

Bugarama, dada. Mimi Bugarama namjua mtu mmoja tu.

Umesikia nini huko? Nijibu upesi, tafadhali. Boaz hajapiga simu tangu Jumamosi.

Mdogo wako,
Hosiana


Bugarama
27 Machi 2024

Mdogo wangu Hosiana,

Marahaba, na mwangaluka. Mama Philomena kanipa barua yako mbele ya wateja, kapaza sauti "Barua ya Shinyanga hiyo!" kama anauza nyanya. Nikaisukumia chini ya gunia la maharage mpaka walipotoka.

Mvua huku haina adabu. Maduara mawili ya kuchimbia dhahabu yamejaa maji, wachimbaji wanakaa tu kwenye banda langu wanacheza bao na kunimalizia chumvi. Mwanangu Masalu bado yuko Geita anafuata dhahabu yake, tangu Krismasi sijaisikia sauti yake. Watu wananiita Mama Masalu kutwa nzima, na Masalu mwenyewe hayupo wa kuitika. Msalimie Mama. Mwambie huyo ndama asimpe mtu.

Simu iliangukia kwenye ndoo ya maji ya kuoshea mchele. Ndiyo hivyo tu.

Hayo ya Bi Esta achana nayo. Watu wa machimboni, mawe yakikosa dhahabu, wanachimba habari za wenzao. Leo wewe, kesho mwingine. Mwambie Boaz akutazame vizuri, una nyama mwilini au huna? Basi, yamekwisha.

Nauliza tu, kwa kuwa wewe ndiye msomi wetu: hizo meseji mnazotuma, maneno yake anaandika nani? Kuna mtu anakaa mezani anayatunga, au mashine inajitungia yenyewe? Nauliza tu.

Nimekuwekea michembe ya viazi. Usiile yote siku moja ukaumwa tumbo, nakujua.

Wabeja kwa kunikumbuka.

Dada yako,
Euphrasia


Kambarage, Shinyanga
19 Aprili 2024

Dada Euphrasia,

Shikamoo. Mama hajambo, ndama hajambo, michembe imekwisha siku ya pili. Salamu ziishie hapo.

Umeuliza nani anaandika maneno. Naandika mimi. Kila neno. "Leo ni siku yako ya kuchukua dawa za kifua kikuu. Usikatishe dozi." Mwanasheria alisema ugonjwa usitajwe, mimi nikasema usipotajwa mtu atadhani ni tangazo la bahati nasibu. Nikashinda. Na ni mimi niliyependekeza kwamba muuguzi akiingiza namba ya simu tu, mfumo ujichukulie jina la mwenye laini, lile linalotokea mtu akikutumia pesa. Nilisema wauguzi wamechoka, wanakosea majina. Ofisi nzima ilinipigia makofi.

Baada ya barua yako swali lako halikuniacha. Jumatano iliyopita, wenzangu wakiwa wamekwenda kula, niliandika jina langu kwenye mfumo. Nikajikuta. Hosiana Ngusa, zahanati ya Bugarama, kifua kikuu cha mapafu, dawa zimeanza tarehe 22 Januari. Namba ya simu ni yako.

Hiyo laini nilikusajilia mimi, kwa vidole vyangu, kwenye mwavuli wa wakala wa laini pale stendi, kwa kuwa wewe kitambulisho cha taifa hukuwa umepata. Nusu ya watu ninaowajua wanatumia laini za ndugu zao. Nalijua hilo kama ninavyojua jina langu, na sikulikumbuka hata siku moja nilipokuwa najisifu mbele ya Stanslaus.

Kwa hiyo ni wewe unayeumwa. Tangu Januari! Na mimi nakuandikia habari za kuku wa watu.

Ningefunga pale. Sikufunga. Nilisoma mpaka chini. Uzito wako. Makohozi yako. Kwamba muuguzi alikuuliza kama kuna mtu anayeishi na wewe, ukasema huna. Na mwisho kabisa, ndugu wa karibu. Umejibu: hakuna.

Hakuna, Euphrasia? Mimi ni nani?

Bi Esta sasa anataka karatasi ya hospitali yenye muhuri, ndipo ng'ombe waje. Nikienda kupima nikampa karatasi safi, swali la pili litakuwa ile laini anatumia nani, na jibu analo kila dereva anayekula kwako. Nisipoenda, basi mgonjwa ni mimi. Niambie nimjibu nini. Naomba jibu moja tu, la kweli. Na uniambie kama unameza dawa.

Hosiana


Bugarama
2 Juni 2024

Hosiana,

Marahaba. Ulidhani nimekufa? Mama Philomena alikuja gulioni mara tatu akaniuliza kama kuna barua, mara tatu nikamwambia sina kalamu. Kalamu ninazo nne.

Nilikasirika. Bado nimekasirika, nakwambia bila kuficha. Uzito wangu unausoma kwa ruhusa ya nani? Nilipovua gauni pale zahanati nilimvulia yule muuguzi, Nelly, na pazia lilifungwa. Wewe uliyekuwa mezani Shinyanga, hukuwepo nyuma ya pazia. Hata Mama mzazi sijamwonesha mbavu zangu. Ungeniuliza! Ungepanda gari ukaja ukaniuliza, ningekudanganya kwanza, halafu ningekwambia.

Haya, nimeshasema. Sasa ukweli ulioutaka.

Banda langu unalijua. Simu inaning'inia kwenye msumari pale nguzoni kwa sababu mikono yangu ina unga. Wachimbaji wakiwa duarani wanatuma meseji, "Mama Masalu, sahani nane duara la Bartholomeo, mbili bila pilipili." Aliye karibu na nguzo anaisoma kwa sauti, mimi napakua. Miaka minne tunafanya hivyo na hakuna sahani iliyopotea.

Jumatatu moja ya Februari simu ikalia. Aliyekuwa karibu ni Amosi, yule wa Ngara mwenye sauti ya kanisani. Akasoma kama anavyosoma sahani nane: "Ndugu Hosiana Ngusa, leo ni siku yako ya kuchukua dawa za kifua kikuu. Usikatishe dozi." Watu kama ishirini, vijiko vikasimama. Amosi akauliza, "Hosiana ndiye nani?"

Mungu anisamehe, mdogo wangu, nilishukuru. Nilishukuru kwamba jina si langu. Nikasema, "Mdogo wangu wa Shinyanga. Anaumwa, masikini. Laini ni yake." Vijiko vikarudi kwenye sahani. Mmoja akaniambia pole. Nikaipokea hiyo pole, nikamwongezea mchuzi.

Watu walipotoka niliichomoa laini nikaivunja kwa meno. Hakuna ndoo ya mchele.

Usidhani niliwapikia huku nawakoholea. Nelly aliponiambia, nilifunga banda wiki tatu, nikatangaza nimekwenda msibani. Nilirudi siku aliyoniruhusu yeye. Lakini nani atasikiliza hayo? Mama lishe mwenye kifua, banda linahamia kwa mwenzake upande wa pili wa barabara mchana huohuo. Nimeona likimpata Paskalina. Alirudi kwao na masufuria matupu, na alikuwa na malaria tu.

Dawa. Baada ya kuvunja laini nilikaa siku tisa bila kwenda. Siku ya kumi Nelly akaja kwa miguu, kwa kuwa namba haipatikani. Akaagiza wali maharage kama mteja, akala wote, alipokuwa ananirudishia sahani akaniambia polepole, "Zako ziko chini ya kitambaa." Tangu hapo sijaruka hata siku moja.

Na nikwambie kitu kitakachokukera. Ile meseji ingenifikia mimi peke yangu ningeipenda. Nani mwingine huku ananiuliza kama nimemeza? Kitanda? Ningekuwa naisoma mara mbili.

Umeuliza kwa nini nilisema hakuna. Nelly alisema ndugu wa karibu ndiye anayepigiwa mgonjwa akizidiwa. Nikakuona unakuja na gari la asubuhi na viatu vyako vya ofisini, unanikuta kwenye hicho chumba, godoro chini, mifupa juu yake. Mimi ndiye niliyekulipia bweni, Hosiana. Sikutaka unione hivyo. Kusema hakuna kulikuwa rahisi zaidi.

Jibu lako moja la kweli ni hili: usiwaambie. Najua ninachokuomba. Zimebaki wiki kama tisa. Niache nimalize nikiwa na banda langu.

Nisamehe.

Euphrasia


Kambarage, Shinyanga
23 Juni 2024

Dada Euphrasia,

Shikamoo. Mama hajambo. Ameuliza mbona huji, nimemwambia barabara mbovu.

Sikuwaambia.

Boaz alikuja mwenyewe wiki iliyopita, kanyoa ndevu. Akasema, "Nenda kapime, lete karatasi, nitawaonesha mimi, yaishe." Alisema kwa upole, ndiyo maana iliniuma. Nikamjibu kwamba mambo ya mwili wangu hayatawekwa mezani kwa Bi Esta yakapitishwa mkono kwa mkono kama kadi ya mchango wa harusi. Akaniuliza, "Kwa hiyo ni kweli?" Sikujibu. Alivaa kofia yake akaondoka, na mlango aliufunga taratibu.

Mimi niliyemcheka yule mwanasheria na kurasa zake kumi na nne nilikuwa nimesema maneno yake, karibu neno kwa neno.

Nitakwambia na hili. Nilikwishapima, mwezi wa nne, kimyakimya. Sina chochote. Karatasi iko kwenye sanduku la nguo, chini ya kitenge ulichonipa. Hakuna aliyeiona.

Kazini kumekuwa na wakaguzi. Stanslaus aliniambia niandike kwamba hakuna mgonjwa aliyelalamika, na kweli hakuna, nani angelalamika? Niliandika kwamba meseji imemwumiza mgonjwa mmoja, sikumtaja, na kwamba mimi mwenyewe nilifungua taarifa zake bila sababu ya kikazi. Nimesimamishwa. Mfumo wote nao umesimamishwa mpaka urekebishwe: meseji zisitaje jina wala ugonjwa. Ni kipengele cha saba cha ile fomu. Kilikuwa pale tangu Januari, ningekisoma kwa dakika mbili.

Sasa kuna wagonjwa mia tatu na kitu ambao Jumatatu hawakumbushwi na mtu. Nawawaza sana. Yule mzee wa kuku alimaliza, lakini wapo waliokuwa katikati, na siyo kila zahanati ina Nelly. Sijui nimetenda jema au baya. Nakaa ndani, redio nimeizima, jirani zangu wanachota maji bila kunisalimia kwa karibu. Wanasimama mbali kidogo, wanasema "pole", nami naitikia. Pole yako, dada, imehamia kwangu na imekaa.

Sina hasira. Meza dawa.

Hosiana


Bugarama
11 Agosti 2024

Mdogo wangu Hosiana,

Mwangaluka, mama. Umeandika huna hasira kwa mwandiko uliotoboa karatasi. Nimeielewa.

Masalu alituma salamu kwa mtu, kwamba yuko hai. Mvua zimekwisha, vumbi la karasha la kusaga mawe linaingia mpaka kwenye chumvi.

Nilipoipata barua yako sikungoja zile wiki ziishe. Siku iliyofuata, saa saba, banda limejaa, niligonga sufuria kwa mwiko. Nikasema, "Amosi, ile meseji uliyoisoma Februari ilikuwa yangu. Anayemeza dawa za kifua kikuu ni mimi. Hosiana mzima. Nilidanganya." Mmoja akaweka kijiko chini, halafu wa pili, wakatoka bila kugombana nami, kwa adabu kabisa. Kesho yake nilipika sahani arobaini, zikalika nane. Mpaka leo ni nane, siku nzuri kumi. Amosi alikaa siku nne haji. Siku ya tano akaja watu wakiwa hawapo, akakohoa kidogo, akaniuliza huyo muuguzi wangu huwa anapatikana siku gani.

Jumapili nikapanda gari mpaka Isaka. Nilimkuta Bi Esta anapepeta mchele. Nilimweleza yote tangu mwanzo, na laini, na vidole vyako, na uongo wangu. Alisikiliza. Akanipa maji, na nilipomaliza kunywa nikaona kikombe kakiweka peke yake pembeni ya ukuta. Akasema, "Mama Masalu, ungekuja mwezi wa tano." Boaz amechumbia kwingine, kule Tinde. Ng'ombe walikwisha kwenda.

Nimechelewa, Hosiana. Nilirudi na gari la jioni nikiwa nimekaa dirishani, na njia nzima nilitafuta namna ya kukuandikia hivyo ili isikuume, sikuipata.

Tarehe tano nilimeza cha mwisho. Makohozi safi, uzito umerudi, gauni la kijani linanibana. Kompyuta haijawashwa tangu msimamishwe, Nelly amerudi kwenye daftari lake kubwa. Akasema, "Tusahihishe kabla hatujafunga." Jina: akafuta lako akaandika langu. Simu: sina, akapiga mstari. Ndugu wa karibu. Akanitazama, kalamu mkononi.

Nikasema, Hosiana Ngusa, mdogo wangu, tumbo moja. Akaandika. "Namba yake?"

Namba yako ilikuwa ndani ya ile laini niliyoivunja. Sikuwahi kuishika kichwani, nilikuwa nabonyeza jina lako tu. Nikabaki nimesimama pale, mtu mzima, sijui pa kumpata mdogo wangu isipokuwa kwa mkono wa muuza mchele.

Nelly hakuandika hakuna. Jina lako lipo, mbele yake ameacha pengo. Kama bado unataka kuwa hapo, mpe Mama Philomena namba yako, iandike kwa tarakimu kubwa. Kama hutaki, mwambie tu kwa mdomo, usinitumie bahasha tupu.

Nelly anapita bandani kila Jumatatu na kalamu yake.

Dada yako,
Euphrasia